Kufukia, kuzika, kusitiri: Antigone ya Anouilh mbele ya makaburi ya askari wa anga

Antigone ya Jean Anouilh haitajwi mara nyingi bila kuambatishwa sifa moja, kwamba ni tamthilia ya upinzani. Sifa hiyo imekuwa kama sehemu ya jina lake. Mwanafunzi wa fasihi ya Kifaransa huipokea pamoja na tarehe na mahali: onyesho la kwanza tarehe 4 Februari 1944, katika Théâtre de l'Atelier mjini Paris, chini ya uelekezi wa André Barsacq, Wajerumani wakiwa bado wameukalia mji. Msichana anamzika kaka yake kinyume cha amri ya mtawala. Mtawala anamhukumu kifo. Watazamaji, wenyewe wakiishi chini ya amri za wageni, wanaelewa wanachoambiwa. Hoja imekaa vizuri mno, na pengine ndiyo sababu haikaguliwi. Makala hii inakusudia kuikagua kwa kipimo kimoja tu, yaani tendo lenyewe la kuzika. Maana katika Ufaransa ya mwaka 1944 kuzika maiti ya mtu aliyehesabiwa adui wa mtawala halikuwa jambo la jukwaani peke yake. Lilikuwa likitendeka vijijini na mijini, na miongoni mwa waliozikwa walikuwamo askari wa anga wa Uingereza na washirika wake, walioanguka pamoja na ndege zao.

Majuma mawili kamili baada ya onyesho hilo la kwanza, tarehe 18 Februari 1944, ndege za aina ya Mosquito zilishambulia gereza la Amiens, mji ulioko kilomita zipatazo 120 kaskazini ya Paris. Gerezani mlikuwa na wafungwa 832, miongoni mwao watu wa harakati za upinzani. Kuta zilibomolewa, wafungwa 258 walitoroka, na 102 walikufa. Kiongozi wa shambulio, Percy Charles Pickard, aliangushwa pamoja na mwelekezi wake wa safari, John Alan Broadley, karibu na kijiji cha Saint-Gratien. Pickard hakuwa rubani asiyejulikana. Mwaka 1941 alikuwa ameonekana katika filamu ya Harry Watt, Target for Tonight, akiigiza rubani wa ndege ambayo filamu nzima inaifuata usiku hadi Ujerumani na kurudi. Filamu hiyo ilitazamwa sana Uingereza na Marekani, na uso wake ukatazamwa pamoja nayo. Katika masimulizi ya tukio la Saint-Gratien yaelezwa kwamba msichana mmoja wa huko aliifikia maiti, akakata kutoka katika koti lake beji ya mabawa na tepe za nishani, ili Wajerumani wasitambue ni nani waliyempata. Vitu hivyo vilifichwa hadi Wajerumani walipoondoka, kisha vikafikishwa kwa mjane wake. Pickard na Broadley wamelala katika makaburi ya Saint-Pierre, mjini Amiens.

Kwa mhakiki wa tamthilia kisa hiki kina mvuto wenye hatari. Msichana, maiti, mtawala mgeni, na tofauti ya siku kumi na nne: vyote vinamwalika mtu aseme kwamba maisha yameiga jukwaa. Ukivitazama vizuri, viwili hivi havifanani. Antigone anaongeza kitu juu ya maiti, yaani udongo. Msichana wa Saint-Gratien aliondoa kitu. Antigone anataka ijulikane kwamba ni yeye aliyetenda; yule wa pili hakutaka hata ijulikane ni nani aliyekufa. Na kuna tofauti iliyo kubwa kuliko hizo, nayo yahusu amri yenyewe.

Katika tamthilia, amri ya Créon inakataza udongo. Maiti ya Polynice iachwe juani, inuke, ili raia wapate funzo. Katika nchi zilizokaliwa na Wajerumani upande wa magharibi, amri ya namna hiyo haikuwa ndiyo kawaida. Mkataba wa Geneva wa tarehe 27 Julai 1929 uliwataka wanaopigana, katika kifungu chake cha 4, wawazike wafu wa adui kwa heshima, makaburi yatiwe alama, na nusu ya kisahani cha utambulisho ibaki na maiti huku nusu ya pili ikipelekwa kwa wahusika. Jeshi la anga la Ujerumani, hasa katika miaka ya kwanza ya vita, mara nyingi liliwazika marubani wa adui kwa gwaride, kwa mashada ya maua na kwa milio ya bunduki. Hivyo Créon wa kweli alikuwa tayari kutoa kaburi. Aliloliogopa lilikuwa jambo jingine.

Jambo hilo lilionekana wazi katika kisiwa cha Guernsey, kilichokaliwa na Wajerumani tangu mwaka 1940 hadi 1945. Mfano huu ni wa mabaharia badala ya marubani, lakini unafaa kwa sababu hesabu zake zinajulikana. Manowari ya Kiingereza Charybdis ilizama usiku wa tarehe 23 Oktoba 1943, na bahari ikatupa baadhi ya maiti ufukweni mwa kisiwa. Wajerumani waliandaa maziko ya kijeshi yenye heshima zote tarehe 17 Novemba. Hawakutazamia kwamba watu wapatao 5,000 wangefika makaburini, katika kisiwa ambacho wakati huo hakikuwa na watu wengi zaidi ya elfu ishirini na kitu, wala kwamba mashada ya maua yangekaribia 900. Hapakutolewa hotuba ya uasi. Watu walisimama, wakaweka maua, wakarudi nyumbani. Baada ya siku hiyo raia walizuiwa kuhudhuria maziko ya namna hiyo.

Msomaji azingatie mpangilio wa mambo. Mtawala hakukataza kuzikwa kwa maiti. Alikataza wazishi. Gwaride, padri, jeneza na bendera vingeweza kubaki. Waliotakiwa kutoweka ni watu wanaosimama pembeni mwa kaburi. Ndivyo ilivyokuwa pia pale ambapo maua yaliyowekwa juu ya makaburi ya marubani, katika makaburi ya vijiji vya Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, yalionekana na wakuu wa jeshi kuwa maandamano. Kumsaidia rubani aliye hai kulikuwa na adhabu iliyoandikwa kutani: tangazo la Septemba 1941, lililotiwa sahihi na Jenerali von Stülpnagel mjini Paris, liliahidi risasi kwa wanaume na kambi za mateso kwa wanawake. Kwa hiyo wenye kumficha aliye hai walikwenda usiku, wachache, bila majina. Kwa aliyekufa, watu walikwenda mchana, na wengi.

Sasa irudiwe tamthilia. Anouilh amemnyang'anya Antigone karibu kila kitu alichokuwa nacho kwa Sophocle. Kule, msichana alitegemea sheria za miungu zisizoandikwa. Hapa miungu haimo. Anakwenda usiku, peke yake, na chombo chake ni sepetu ndogo ya mtoto, ile ambayo Polynice aliitumia zamani kujengea nyumba za mchanga ufukweni. Mlinzi anayetoa habari kwa Créon anaitaja sepetu hiyo kwa mshangao: kuukuu, ina kutu. Mara ya pili hana hata sepetu. Anakwaruza kwa mikono, na mlinzi anamfananisha na fisi mdogo.

Hapa mfasiri wa Kiswahili atasimama ghafla. Katika Kifaransa cha mlinzi tashibiha hiyo yatoa picha ya mnyama anayechimba kwa pupa, basi. Katika ngano za Waswahili, na za watu wengi wa Kongo ya mashariki, fisi ana kazi yake maalumu: yeye ndiye anayefukua maiti. Kumwita fisi mtu anayejaribu kumfunika marehemu ni kuligeuza tendo lake juu chini. Je, mfasiri abadilishe mnyama? Asibadilishe. Bila kukusudia, Kiswahili kinasema jambo ambalo tamthilia yenyewe inalikaribia katika onyesho linalofuata, pale Antigone anapokiri mbele ya Créon kwamba haamini tena maana ya alichokifanya. Kitenzi cha fisi ni kufukua, na kinyume chake ni kufukia. Kufukia ni kurudisha udongo mahali pake. Shimo hufukiwa, mbegu hufukiwa, hata takataka hufukiwa. Ndicho kitenzi anachokistahili mtu mwenye sepetu ya kuchezea, usiku, bila mwenzake.

Kuzika ni kitenzi kingine. Kutokana nacho lugha imeunda maziko na mazishi, nomino ambazo kwa desturi hazina umoja, kana kwamba tendo hilo haliwezi kufanywa na mmoja. Imeunda pia mzishi, na kamusi hutoa kwa neno hilo maana mbili: anayezika maiti, na rafiki wa ndani kabisa. Maana ya pili inatoka katika ya kwanza, kwa kuwa rafiki wa kweli ni yule wa kufa na kuzikana. Kiambishi cha kutendana hapo si pambo. Kinabeba deni: anayezika leo atazikwa kesho, na wale aliosimama nao leo ndio watakaosimama kwake. Kwa msemaji wa Lubumbashi neno kilio lina uzito huohuo. Mtu anaposema anakwenda kwenye kilio, hataji machozi wala kaburi, anataja nyumba iliyojaa watu.

Katika mazungumzo yake marefu na Créon, ambayo ni kiini cha tamthilia, Antigone anaulizwa kwa nini basi anatenda. Kwa ajili ya wengine? Anakana. Kwa ajili ya kaka yake? Créon amekwisha kumwonyesha kwamba ndugu wote wawili walikuwa wahuni, na kwamba maiti zilikutwa zimepondwa hata haikuwezekana kuwatofautisha; yule aliyezikwa kwa fahari ya serikali alichaguliwa kwa kuwa hakuharibika sana. Linabaki jibu moja, kwamba anatenda kwa ajili yake mwenyewe. Ni jibu zuri kwa jukwaa, na waigizaji hulipenda. Lakini kwa jibu hilo kuzika kumekoma katika tamthilia. Kilichobaki ni msichana anayekataa, na angeweza kukataa kitu chochote. Baadaye, akingoja kifo, anamsomea mlinzi barua ya kuandika na kukiri humo kwamba hajui tena anakufa kwa nini. Kisha anaamuru maneno hayo yafutwe.

Ikumbukwe kwamba Créon mwenyewe anasema angemzika Polynice, walau kwa ajili ya usafi, lakini wale anaowatawala wanahitaji uvundo ili waelewe. Katika kauli hiyo Anouilh anauona umma kwa macho ya Créon, na bahati mbaya hana macho mengine ya kuuona. Umati wa Thèbes unasikika nje ya kasri, unapiga kelele, unavamia. Antigone anapopelekwa, ombi lake la mwisho kwa Créon ni kwamba asizione tena nyuso hizo wala asizisikie sauti hizo. Watu 5,000 wa Guernsey hawana nafasi katika tamthilia hii. Wangeingia jukwaani, Antigone angewakimbia.

Haki yadai kutaja mahali pamoja ambapo hali ni tofauti. Ismène, aliyeogopa mwanzoni, anarudi na kusema kwamba ikiwa dada yake atakufa naye atakwenda kumzika Polynice. Antigone anamgeukia Créon na kumwonya: huenda jambo hili litawapata na wengine. Kwa sentensi chache tamthilia inakaribia kujua kile ambacho wakuu wa jeshi huko Guernsey walikuwa wamekijua miezi mitatu kabla, yaani kwamba maziko huambukiza. Kisha mlango unafungwa. Antigone anamkataa Ismène kwa dharau, na kaburi linakuwa tena mali yake binafsi.

Kuna utetezi unaostahili kusikilizwa. Anouilh aliandika akiwa chini ya udhibiti wa Wajerumani, na tamthilia ilibidi ipite kwao. Umati uliosimama kimya mbele ya kaburi la adui ungekatwa kabla ya mazoezi kuanza. Tena, husemwa kwamba msukumo wake ulikuwa tendo la mtu mmoja, Paul Collette, aliyempiga risasi Pierre Laval huko Versailles mwezi wa Agosti 1941 bila kutumwa na kundi lolote. Utetezi huu unaeleza kwa nini tamthilia iko ilivyo. Haufanyi kuwa kitu isichokuwa. Gazeti la siri la waandishi, Les Lettres françaises, liliishambulia mwaka huohuo wa 1944, likiona kwamba msichana huyu si Antigone wao. Na wale waliofanya kazi usiku, wakijua ni jirani yupi anayeweza kuaminiwa na ni yupi asiyeweza, walikuwa na sababu ya kutomtambua. Miaka minne baadaye Bertolt Brecht alipoigiza Antigone yake huko Chur, Uswisi, alitanguliza onyesho fupi la Berlin ya mwaka 1945, dada wawili na kaka aliyenyongwa mlangoni. Na ng'ambo ya mto wetu mkubwa Sylvain Bemba aliandika Noces posthumes de Santigone, iliyotoka mwaka 1988. Kila mmoja aliona kwamba hadithi hii haisimami bila mtu mwingine pembeni.

Lipo pia jambo ambalo Anouilh alikuwa nalo mkononi akaliacha. Polynice hakuwa ndugu tu. Alikuwa mtu aliyekuja na moto juu ya mji wake. Askari wa anga walikuja na moto vilevile. Mabomu ya ndege za Washirika yaliua makumi ya maelfu ya raia wa Ufaransa katika vita hivyo, na katika gereza la Amiens lenyewe mabomu ya kikosi cha Pickard yaliwaua baadhi ya wale waliokuja kuokolewa. Mwenye kuweka ua juu ya kaburi la rubani huenda alikuwa na nyumba iliyobomolewa. Tendo lake si la wepesi wa moyo, wala haliwezi kuelezwa kwa upendo wa ndugu, maana marehemu alikuwa mgeni ambaye lugha yake haikueleweka. Deni la kuzikana halikuwapo: rubani wa kutoka New Zealand au Kanada hangekuja kumzika mkulima wa Picardie. Hata hivyo mkulima alitenda kama mzishi. Hapo pana mgongano mzito kuliko ule wa Antigone na Créon, na hakuna aliyeuandikia tamthilia mwaka ule.

Alama zake zipo lakini. Waingereza hawakuwarudisha wafu wao nyumbani, na mawe meupe ya askari wa anga yamebaki hadi leo katika makaburi mengi ya vijiji vya Ufaransa, matano hapa, saba pale, hesabu ya watu wa ndege moja. Vita vilipokwisha, wachunguzi wa jeshi la anga la Uingereza walizunguka wakiwatafuta waliopotea, na waliowauliza ni meya, padri, mchimba kaburi, mtu aliyekuwa ameokota pete au kipande cha nguo chenye namba na kukihifadhi. Wasiopatikana wameandikwa katika ukuta wa Runnymede, karibu na London, uliofunguliwa mwaka 1953: majina zaidi ya 20,000. Waliopatikana, wengi wao walipatikana kwa sababu mwanakijiji fulani alikumbuka.

Kiswahili kina kitenzi cha tatu ambacho mfasiri atakihitaji, nacho ni kusitiri. Maiti husitiriwa, mtu anayefukuzwa husitiriwa, aibu na siri husitiriwa. Kifaransa kingetumia vitenzi vitatu tofauti. Msichana wa Saint-Gratien, kwa kuondoa beji na tepe, alimsitiri Pickard kwa maana zote kwa wakati mmoja: alimfunika, alimficha, akamlindia jina. Antigone wa Anouilh hamsitiri mtu. Yeye anajifunua.

Kwa mfasiri, basi, kazi yaweza kupangwa hivi. Katika ripoti ya mlinzi aandike kufukia, na fisi abaki alivyo. Katika kinywa cha Antigone, tangu alfajiri ya mwanzo hadi Créon anapoanza kumhoji, aandike kuzika, kwa kuwa bado anaamini neno hilo ni lake. Baada ya jibu lake kwamba anatenda kwa ajili yake mwenyewe, neno hilo lisirudi katika kinywa chake. Ismène peke yake, anaporudi na kusema kwamba atakwenda, ndiye apewe kulitamka tena.